Ekseli mbili za nyuma kwenye motohomu: tairi zinaisha haraka, je, ning'oe moja?

SWALI

Habari za kazi, kaka. Nina biashara ndogo ya utalii, naishi Mbezi Beach. Niliagiza motohomu (gari lenye vitanda na jiko ndani) iliyotumika kutoka Uingereza: mbele ni Fiat Ducato, nyuma ina chesesi ya AL-KO yenye ekseli mbili, tairi moja moja kila upande, kwa hiyo jumla tairi sita. Inavutwa na magurudumu ya mbele. Familia za wageni huikodi kwenda Bagamoyo, Mikumi, na wengine hufika hadi Iringa.

Tatizo langu ni tairi za nyuma. Za ekseli ya mwisho zimekuwa kipara kwenye kingo za nje kabla ya wakati, ya kushoto ndiyo mbaya zaidi, ilhali za mbele bado zina kashata nzuri. Nikipitisha kiganja juu ya tairi nahisi makali kama meno ya msumeno. Fundi wangu alijaza upepo wa psi 80 kote, akasema tairi lenye upepo mdogo ndilo linalolika. Tangu siku hiyo nyuma panagonga, na kwenye rasta vikombe vinaruka kabatini. Sasa anashauri tuing'oe ekseli ya mwisho, ati magari mengi ya ukubwa huu yana ekseli moja nyuma na yanatembea vizuri tu.

Kibao cha gari kinasema: jumla kilo 4,500, ekseli ya 1 kilo 1,850, ya 2 kilo 1,500, ya 3 kilo 1,500. Tairi ni 215/70 R15 CP. Kutoka kitovu cha gurudumu la ekseli ya pili hadi cha ekseli ya tatu nimepima sentimita 80. Nimruhusu fundi?

JIBU

Salama, dada, na ahsante kwa kukisoma kile kibao kabla ya kuandika. Wengi hawakiangalii kabisa, na jibu la swali lako la mwisho limo humo. Usimruhusu.

Gari lako limeidhinishwa kufika kilo 4,500. Ekseli ya mbele, hata ukiijaza hadi mwisho wa uwezo wake, inachukua 1,850. Zinabaki kilo 2,650, na zote zitaiangukia ekseli iliyotengenezwa kwa 1,500. Tairi za CP, yaani zilizotengenezwa kwa ajili ya motohomu, za saizi yako kwa kawaida zina namba ya mzigo 109, yaani kilo 1,030 kila moja, mbili zikiwa 2,060. Kwa hiyo ukiing'oa ekseli ya tatu, umeshapita uwezo wa bomba la ekseli, wa beringi, wa breki na wa tairi kwa mkupuo mmoja. Fundi anaposema kuna magari ya ukubwa huu yenye ekseli moja nyuma anasema kweli, lakini ekseli za magari hayo zimetengenezwa nene tangu kiwandani. Yako ni nusu ya jozi. Fikiria gari hilo likishuka mlima Kitonga na watoto wa watu ndani, likizuiwa na breki za ekseli moja mahali palipopangwa mbili. Tairi moja likipasuka leo, la jirani yake bado linashikilia upande ule na dereva anapata nafasi ya kuegesha. Hilo pekee lingenitosha kuiacha ekseli ilipo.

Sasa tuje kwenye tairi zenyewe.

Mkokoteni wa Kariakoo una ekseli moja, ndiyo maana msukumaji anaugeuza papo hapo katikati ya watu. Uongezee ekseli ya pili isiyokunjika nyuma ya ile ya kwanza, uone kama utageuka: magurudumu yatagoma mpaka uyaburute. Hali ya motohomu yako ni hiyo. Gari likikata kona, kila gurudumu linataka kuzunguka kituo kimoja, na ekseli iliyofungwa moja kwa moja inaweza kukielekea kituo hicho ikiwa tu iko kwenye mstari wake. Ekseli mbili haziwezi kuwa kwenye mstari mmoja. Gari linatafuta suluhu katikati yao: ya pili inaburutwa kuelekea ndani ya kona, ya tatu inaburutwa kwenda nje.

Kuburutwa huko kunapimika. Nusu ya sentimita 80 ni 40. Ukigeuza gari kwenye duara la nusu kipenyo mita 7, kama watu wengi wanavyofanya uani, basi kwa kila mita moja ambayo tairi linabingirika, linasuguliwa ubavuni karibu sentimita 6. Kwenye kona ya barabara kuu yenye nusu kipenyo cha mita 300, msuguano huo ni milimita moja na kidogo tu kwa kila mita. Unaona tofauti ilivyo kubwa. Safari ya Morogoro haidhuru tairi zako kama inavyozidhuru kuingia na kutoka getini, kurudi nyuma na kukata usukani hadi mwisho juu ya pevingi kavu. Angalia sakafu ya uani kwako: kama kuna michirizi myeusi ya mviringo, hiyo ndiyo kashata yako. Mwambie dereva aingie kwa kona pana, arudi nyuma kwa kunyoosha, asikunje usukani gari likiwa limesimama, na kama lazima ageuze papo hapo, ageuzie kwenye mchanga au kokoto, tairi liteleze bila kusagika.

Kwa nini ya mwisho iishe kabla ya jirani yake? Kwa mwendo wa uani ekseli zote mbili zinaumia karibu sawa. Lakini kwenye mzunguko wa barabara au kona inayopitwa kwa kasi, gari zima linataka kutoka nje na tairi zote zinapaswa kulivuta ndani. Ekseli ya tatu, ambayo tayari ilikuwa inasukumwa nje, inabebeshwa kazi zote mbili. Ya pili inapata nafuu kidogo kwa sababu nguvu hizo mbili kwake zinapingana. Kwa hiyo kingo za nje za ekseli ya mwisho kulika mapema kidogo ni jambo la kutarajia kwa gari la namna hii, na hakuna fundi atakayelimaliza kabisa. Anayekuahidi kwamba tairi za tandemu (ekseli mbili zinazofuatana) zitadumu sawa na za ekseli moja anakudanganya.

Ila wewe umetaja mambo mawili ambayo kona peke yake haiyaelezi: meno ya msumeno, na tairi la kushoto kuwa baya zaidi. Kona za kushoto na za kulia zinasugua tairi pande zote mbili, kwa hiyo huacha kingo zilizoviringika. Meno makali ya kuelekea upande mmoja yanatokana na tairi linaloburutwa upande uleule kila mita ya safari, hata barabara ikiwa imenyooka. Hapo nashuku ekseli zako mbili haziko sambamba.

Pitisha kiganja tena, safari hii kwenye tairi zote nne za nyuma, ukitoka kushoto kwenda kulia mwa gari, kisha urudi. Ikiwa kwenye ekseli ya tatu makali yanakukwaruza ukienda upande mmoja, na kwenye ekseli ya pili yanakukwaruza ukienda upande wa pili, ekseli zinagombana. Ikiwa makali ya tairi la kushoto na la kulia la ekseli moja yanatazamana au yanapeana mgongo, basi ekseli iko sawa na chesesi ila magurudumu yake yamebana ndani au yametanuka mbele, na hapo shuku mkono uliolegea au bomba lililopinda kwa mzigo.

Halafu pima. Huhitaji mashine, unahitaji timazi, chaki na futikamba. Sogeza gari mbele polepole kwa mstari ulionyooka mita kadhaa hadi kwenye sakafu tambarare, lisimame lenyewe bila kurudi nyuma, ili tairi zisiwe zimejikunja. Dondosha timazi kutoka katikati ya kila kitovu cha gurudumu la nyuma, tia alama ya chaki chini. Pima alama kwa alama upande wa kushoto, kisha kulia. Wewe ulipata sentimita 80, lakini hukusema upande gani, na swali lote limejificha hapo. Tuseme kushoto ni 80.0 na kulia ni 79.4. Milimita 6 zinaonekana kidogo, lakini zigawanye kwa upana wa karibu mita 1.8 kutoka gurudumu hadi gurudumu: ni zaidi ya milimita 3 za mvutano kwa kila mita. Ekseli mbili hugawana ugomvi huo, kila moja ikiburutwa nusu yake. Kwa kilomita zipatazo 190 kutoka Dar hadi Morogoro, kila ekseli itakuwa imeburutwa ubavuni zaidi ya mita 300 bila kukata kona hata moja.

Kwa kuwa wanagawana, tairi lililolika zaidi halikuambii ekseli ipi ndiyo iliyopinda. Ya tatu inaweza kuwa inaadhibiwa kwa kosa la ya pili. Ili kumjua mkosaji, nyoosha usukani sawasawa, dondosha timazi na kwenye vitovu vya mbele, upime kutoka mbele hadi ekseli ya pili, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita mbili tatu isikusumbue. Vipimo vya timazi vina kiasi hicho cha kutetereka. Ikizidi hapo, fundi alegeze bolti za ekseli kwenye chesesi, aangalie kama tundu limepanuka au mabano yamepinda, ailete ekseli mahali pake na kukaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Ukipeleka gari kwenye alaimenti mjini, sisitiza wapime magurudumu yote sita. Mara nyingi wanagusa tairodi za mbele, wanakupa karatasi na kudai malipo, huku nyuma hakuna aliyechungulia.

Kabla ya kufunga suala la tairi, nataka uzito wa kila ekseli. Gari lako limepita kilo 3,500, kwa hiyo sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaligusa, na mizani ya Vigwaza iko njiani kwako kila unapokwenda Morogoro. Omba kuusoma uzito wa ekseli ya pili na ya tatu kila moja peke yake, gari likiwa na maji, gesi na mizigo ya wageni. Kama pale wanapima kundi zima pamoja, tafuta mizani ya ghala ambako unaweza kusimamisha ekseli moja tu juu ya sahani.

Nalitaka hilo kwa sababu ekseli zako hazisaidiani. Kwenye lori lenye springi za majani mara nyingi kuna kipande katikati kinachogawa mzigo: ekseli ya mbele ikipanda, ya nyuma inasukumwa chini, na zote zinabeba sawa. Kwenye chesesi yako kila mkono wa gurudumu umeshikwa na fito za chuma zinazosokotwa ndani ya bomba lake, na bomba la pili halijui bomba la tatu linafanya nini. Gari likikaa mkia chini kwa nyuzi moja tu, ekseli ya tatu inasukumwa karibu milimita 14 zaidi ya mwenzake na kubeba zaidi ya sehemu yake. Likiinamia mbele, ya tatu inabaki nyepesi. Na ekseli nyepesi haipumziki: haishiki barabara vizuri, kwa hiyo kwenye kona ndiyo inayoteleza zaidi, na kwenye vumbi ndiyo inayorukaruka. Pima kimo cha chesesi kutoka chini, juu ya ekseli ya pili na juu ya ya tatu, gari likiwa limepakiwa. Ikiwa tofauti ni kubwa, hamisha mizigo. Jenereta na maboksi ya vinywaji yatoke kwenye stoo ya nyuma kabisa yasogee kati ya ekseli ya mbele na ya pili. Utafaidika pia mbele, maana gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, likiwa na mkia mzito, hushindwa kupanda kilima chenye utelezi hata kama injini ina nguvu.

Kuna gari moja lililolitatua hili kwa namna ninayoipenda sana. GMC ya Marekani ilitengeneza motohomu kati ya 1973 na 1978, nayo ikivutwa na magurudumu ya mbele na kuwa na magurudumu manne nyuma. Kila upande, mikono ya magurudumu mawili ilitazamana, na katikati yao ukawekwa mfuko mmoja wa upepo. Mfuko ule unasukuma mkono wa mbele na wa nyuma kwa nguvu ileile, kwa hiyo gurudumu moja likipanda jiwe, mzigo unagawanyika wenyewe. Ulikuwa ubunifu mzuri kweli. Yako haina hilo, na hatuwezi kuliongeza gereji, kwa hiyo usawa wake unautafuta kwa upakiaji na upepo wa tairi.

Hapo ndipo raha ya safari ilipopotea. Kwenye shimo au tuta jembamba, gari la ekseli mbili nyuma lina bahati: ekseli ya pili ikipanda sentimita 10 kwa mwendo wa pole, bodi inainuka kama 5 tu, kwa sababu ya tatu bado iko chini inaivuta. Abiria anapata migongo miwili midogo badala ya mmoja mkubwa. Kwa kilomita 20 kwa saa migongo hiyo inapishana kama sehemu moja ya saba ya sekunde. Kwenye yale matuta mapana, ambayo ekseli zote mbili zinapanda pamoja, bahati hiyo haipo, na dawa ni kupunguza mwendo tu. Rasta ni jambo jingine. Michirizi yake ni mifupi mno kwa springi kufanya kazi yote. Sehemu kubwa ya mgongo inapaswa kumezwa na tairi. Fundi alipojaza 80, aliligeuza tairi kuwa gogo.

Namba 80 haikutoka hewani. Bar 5.5, ambazo ni karibu psi 80, ni upepo uliozoeleka kwa tairi za CP kwenye ekseli moja ya nyuma iliyobeba mzigo mkubwa. Lakini ekseli yako ikijazwa kabisa ni kilo 1,500, yaani 750 kwa tairi, na tairi lenyewe linaweza 1,030. Chukua uzito uliosoma kwenye mizani, tafuta jedwali la upepo la mtengenezaji wa tairi hilo, soma namba ya ekseli iliyo nzito zaidi kati ya mbili, na uitumie kwa tairi zote nne za nyuma. Itakuwa chini ya 80 kwa mbali. Ongeza psi chache juu yake, kwa sababu ekseli zisizosaidiana hubebeshana mzigo ghafla kwenye shimo, lakini usishuke chini ya jedwali hata kidogo; tairi lenye upepo mdogo linachemka ndani, na kwa joto letu na mwendo wa barabara kuu linapasuka. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kila joto la tairi likipanda nyuzi 10, geji itapanda psi 2 hadi 3, na ukipunguza upepo mchana kituoni utakuwa umelipunja tairi.

Shokapu nazo zikaguliwe, zote nne za nyuma. Ukitoka kwenye barabara mbovu ya kilomita kumi hivi, shika mwili wa kila moja kwa tahadhari: inayofanya kazi inakuwa na joto, iliyokufa inabaki baridi. Kama ekseli zina chuchu za grisi, zipigwe grisi magurudumu yakiwa yananing'inia, maana gari lililokaa muda mrefu Ulaya bila kutembea huja na mikono mikavu inayokwama, na mkono unaokwama unagonga vilevile kama tairi gumu.

Tairi jipya lisinunuliwe mpaka ekseli ziwe zimenyooshwa. Ukifika madukani Gerezani, Kariakoo, nunua manne ya aina moja, ya saizi ileile, yenye herufi CP au C (ya magari ya mizigo); tairi la gari dogo lenye vipimo vinavyofanana halina nguvu ya ubavu kwa kazi hii. Kuchanganya mapya ekseli moja na yaliyochakaa nyingine kunaharibu usawa ule ule tuliokuwa tunautafuta. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi za motohomu hufa kwa uzee kabla ya kashata kwisha, kwa hiyo angalia na hizo mbili za mbele unazozisifu. Lile la kushoto lililokuwa kipara litupwe. Baada ya hapo, kila ukiona ekseli ya tatu imeanza kuitangulia ya pili kwa kulika, zibadilishe nafasi tairi za ekseli hizo mbili upande uleule, zichakae pamoja.

Magurudumu yakisharudishwa, nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 hivi. Magurudumu ya tandemu husukumwa ubavuni kwa nguvu kila kona, na nati iliyoachwa nusu hulegea hapo mapema.